Milimita Kumi na Moja

Barua imeandika "doa".
Kana kwamba pafu langu la kushoto ni kitambaa cha meza
na mtu amemwaga chai.
Milimita kumi na moja. Rudi baada ya miezi mitatu.

Miezi mitatu!
Mimi niliyeshindwa wiki nzima kuosha sufuria moja,
ninayehesabu hatua kutoka kitandani hadi mlangoni
kama aliyebebeshwa gunia la mtu mwingine.

Hapa Punta Arenas upepo haubishi hodi.
Siku ukichachamaa hufungwa kamba
kando ya barabara, nguzo kwa nguzo,
tuzishike tusipeperuke kama risiti.
Dada yangu Zlata husema: nawe shika kamba, Danica.
Ipi, Zlata? Upepo wangu unavuma ndani ya nyumba.

Mbele ya daktari Ojeda niliitikia kwa kichwa tu.
Husemwa, mficha maradhi kifo humuumbua.
Sawa. Ila nianze kutangaza lipi?
Hili lenye picha na rula,
au lile lisilopigwa picha,
sonona, mpangaji asiyelipa kodi,
aliyehamia Mei akakalia kiti changu?

Huyo ndiye aliyesoma barua kabla yangu.
Akaninong'oneza kwa sauti iliyo kama yangu:
unaona? Sasa usijisumbue tena.

Ndipo mkono ukatetemeka.
Ulitetemeka kwelikweli, bahasha ikachakarika.
Nami nisiyestaajabia kitu tangu Mei,
si theluji, si siku ya kuzaliwa kwangu,
nikastaajabu:
asiyetaka kitu huogopa nini?

Sikufurahi. Msidhani nilifurahi.
Niliutazama tu ule mkono
kama mtu aliyesikia kikohozi
katika nyumba aliyodhani haina watu.

Saa kumi alfajiri nikampigia Zlata.
Nikamsomea barua yote, hata anwani ya hospitali,
hata namba ya faili.
Akanyamaza. Nikamsikia akitafuta viatu.
"Umekula?"
"Sijala."
"Tangu lini?"
Hilo sikulijibu.

Alikuja na mkate kwapani, nywele zimevurugwa na upepo.
Hakusema itakuwa heri. Hakusema jipe moyo.
Aliikunja mikono ya sweta
akaisugua ile sufuria mpaka chini kabisa,
kisha akanirushia kitambaa.

Nilikausha kifuniko.
Kifuniko tu.