Bahasha Arobaini na Moja

Uyoga wa aina moja, bahasha arobaini na moja.
Kazi yangu hapa Tartu ni kuzihamishia kwenye kompyuta:
nani aliuchuma, wapi, lini, chini ya mti gani.
Chai ni saa nne. Dirisha halifunguki.

Ya kwanza ni ya Juhan Pärtelpoeg, mwalimu wa shule,
Septemba 1931, kinamasi cha Kõrvesoo,
chini ya msonobari mfupi. Miguu imelowa.
Ndiyo, aliandika hivyo, miguu imelowa,
kana kwamba sayansi ilitaka habari za soksi zake.
Harufu: supu ya jana.

Tangu 1936 mwandiko ni mwingine,
mwembamba, umelalia kulia
kama nyasi zilizopigwa na mvua ya ubavuni.
Helmi Raudsik. Kila vuli, kinamasi kile kile.
Kofia rangi ya ganda la mkate.
Utomvu kama maji; jina la maziwa hauustahili.
Harufu: dawa ya kikohozi.
Mwaka uliofuata: dawa ya kikohozi, lakini ya ghali.
Mwaka 1940: koti la mama.

Mtaalamu mmoja aliyepita hapa miaka ya sabini
alilikata koti la mama kwa kalamu nyekundu,
akaandika juu yake: sukari iliyoungua.
Mimi ningeulizwa ningesema uwatu,
ule wa duka la Mbengali nyuma ya stesheni.
Ila siulizwi. Mimi ni wa kuchapa.

Vuli ya 1948 ipo, vielelezo vitatu, kimoja kimeliwa na funza.
Vuli ya 1949 haipo.
Kati yake ulipita mwezi Machi na mabehewa yake,
na bibi yangu, hadi anazikwa,
kalenda yake ilitoka Februari ikaruka Aprili.

Bahasha ya kumi na saba si bahasha.
Ni gome la mbetula, limekunjwa mara mbili,
limeshonwa pembeni kwa uzi wa gunia.
Ndani, kitu kikavu, chepesi kuliko ukucha.
Juu yake, kwa penseli, herufi zinazolalia kulia:

*Msitu. Mbali. Agosti, labda tarehe 20, 1951.*
*Msonobari, kuvumwani, maji meusi.*
*Ni ule ule.*
*Tulipika. Tukaumwa wawili.*
*Tukapika tena.*

Nikatoka nje bila koti.
Nikarudi.

Kisanduku cha mahali kinadai latitudo.
Nikachapa *Mbali*; kikawa chekundu.
Nikachapa *Msitu*; kikawa chekundu vile vile.
Triin Ojaveer, meza ya pili, akasema acha wazi,
rekodi mbovu hazijaanza leo.
Lakini kuna kisanduku kingine, chini kabisa,
ambacho hakuna anayekijaza:
ukubwa wa kosa la makadirio, kwa mita.

Basi nikaiendea ramani ya ukutani na rula ya mwanangu,
nikaufuata mto mmoja mrefu wa Siberia
mpaka pale ambapo hata wachora ramani walichoka,
nikaweka nukta, bila uhakika wowote,
na kwenye kosa nikaandika: 400000.
Kompyuta ikakubali. Kijani.
Haikushtuka hata kidogo.

Ya kumi na nane ni ya 1957. Kõrvesoo tena.
*Wamechimba mifereji. Msonobari ni kisiki.*
Hakuna neno kuhusu ile miaka.
Kofia, utomvu, urefu wa shina kwa milimita,
yote sawa, yote kwa utaratibu wa zamani.
Harufu: mstari mmoja mfupi wa kalamu,
na nukta.

Zimebaki ishirini na tatu. Za Helmi ni kumi na tano.
Maabara inataka kipande kutoka kila moja,
kiasi cha punje ya mchele, kwa kipimo cha vinasaba,
nami nimekata, pamoja na lile gome,
nimekata kidogo zaidi ya nilivyoagizwa kuacha,
kidogo pungufu ya walivyoomba.

Jioni nilimvua mwanangu viatu.
Akakamata vidole vyangu, akavinusa,
akauliza leo tunakula nini.