Kodi ya Miezi Miwili

Ameniachia flashi ndani ya bahasha ya kaki,
juu yake kaandika kwa wino mwekundu:
*Mama Nyemo, nyimbo tisa. Deni nalijua.*
Na kuta kazibandika trei za mayai hadi darini,
gundi yake haing'oki, nimejaribu kwa kisu.

Basi nimekaa sakafuni, chumba kitupu, Tabata Kimanga,
redio ndogo ya Kariakoo katikati ya miguu,
nisikie hicho kilichoninyima usingizi mwaka mzima na ushei.

Wa kwanza unaanza na mita ya LUKU:
tarakimu ishirini, kila moja na mlio wake,
halafu ule mlio mrefu wa kukubaliwa,
na hapo ndipo gitaa linaingia, kama mtu
aliyekuwa amesimama gizani akingoja taa iwake.
Nilitaka kucheka. Sikucheka.

Wa pili siuelewi.
Wa tatu nao siuelewi, ila mguu umeuelewa.

Wa nne kuna mwanamke anapiga kelele kwa mbali,
sauti imekatwakatwa, imevutwa kama donge la chapati,
imepandishwa juu hadi ikawa filimbi,
inarudi, inarudi, nzuri kiasi cha kuumiza,
nikaurudia mara tatu ndipo neno likachomoza:
Punguza! We Gwakisa, punguza!
Ni mimi.
Kumbe hasira yangu inapaa namna ile.

Wa tano ni kimya. Nikadhani redio imekufa, nikaipiga kofi.
Kisha, chini kabisa, taratibu,
friji yangu ya ukumbini, inavyonguruma
na kushtuka ikizima,
na mbwa wa Mzee Mbwambo,
na mvua inayojishauri juu ya bati, inyeshe, isinyeshe.
Dakika sita. Nani anakaa macho usiku
kurekodi friji ya mwenye nyumba?

Wa sita nimeuruka, una kinanda kinachokereza kama jino bovu.
Nikaurudia baadaye. Bado unakereza.

Wa saba ni ufagio.
Chelewa juu ya saruji, shwaa, shwaa, saa kumi na moja alfajiri.
Juu ya ufagio kaweka mdundo, nadhani ndoo yangu ya bluu
ile niliyomsingizia mtoto wa jirani,
na chini ya ndoo mtu anaimba kafumba mdomo.
Wimbo huo sijamfundisha mtu. Nyemo mwenyewe haujui.
Ni wa shangazi, Mpwapwa, akipepeta uwele,
nami nilidhani niliusahau kwenye basi
mwaka ule nilipokuja na sanduku moja na nauli ya kurudia.
Kumbe kila siku naumwaga uani pamoja na taka,
na nyuma ya ukuta kuna mtoto wa watu anakinga.

Huu niliuzima kabla haujaisha.
Nikaenda jikoni, nikaosha sufuria safi.

Wa nane ndipo anaimba yeye. Sauti nyembamba, haina mafuta.
Laki na nusu, laki na nusu, jumla laki tatu,
laki na nusu, laki na nusu, jumla laki tatu,
kiitikio chote ni deni langu!
Mwizi. Nimejikuta naitikia.

Wa tisa una jina, "Mlango", na sekunde nne za upepo, basi.
Sijui flashi imeharibika au ndivyo alivyotaka.
Kwa mtu wa aina ile huwezi kujua.

Alasiri kaja mwingine kuangalia chumba,
nesi, anafanya zamu za usiku, viatu kavulia nje.
Akagusa trei, akaingiza kidole kwenye kishimo kimoja
kama anayetafuta yai.
"Mama, hapa pametulia? Maana mimi mchana ndio nalala."

Nikafungua mdomo nimjibu.
Ukumbini, friji ikashtuka, ikazima.