Karatasi Tatu

Mwezi wa saba Bukavu haina mvua, ina vumbi,
na vumbi la Cimpunda halibishi hodi.
Nalifuta mezani kwa kiganja,
naweka karatasi tatu, kila moja chini ya kikombe,
maana dirisha letu halifungi vizuri tangu Pasaka.

Ya kwanza ni kambi ya Idjwi.
Picha: watoto kumi na wawili majini, meno yote nje.
Kiingereza asubuhi, kuogelea mchana,
dola themanini, na boti imo ndani ya bei.
Bagalwa, baba mtoto, anaipenda hii.
"Atarudi anasema Kiingereza,"
kama vile Kiingereza huvuliwa pamoja na sambaza.
Mimi nalisoma neno boti mara tatu.

Ya pili ni ya mpira, kule Bagira.
Dola thelathini na tano. Mtoto aje na viatu.
Ashuza hapendi mpira. Anapenda kufungua redio
na kuzirudisha nyuzi mahali pasipo pake.

Ya tatu wino wake umefifia:
masista wa Kabare, wiki mbili mlimani,
kupanda miti, kufuga sungura.
Dola ishirini, au kumi na debe la maharagwe.
Haina picha.

Niliuliza yote yanayoulizwa:
nani muuguzi, geti linafungwa saa ngapi,
na zikisikika risasi, mtawapitisha wapi?
Wote wana majibu.
Lakini swali langu lenyewe lilikaa kooni
kama mwiba wa samaki.

Ashuza ana miaka tisa,
na bado, siku tatu katika juma,
anaamka kabla ya jogoo, anageuza godoro bila sauti.
Shuka nalifua mimi, nalianika upande wa choo,
kitenge changu mbele yake, majirani wasihesabu.
Hatujawahi kulizungumza.
Ndio mkataba wetu: yeye hasemi, mimi sioni.

Nikawapigia wa Idjwi. Watoto wanalala vipi?
"Vizuri sana, mama! Vitanda vya ghorofa."
Nikamfikiria yule wa chini. Nikakata simu.
Kocha wa Bagira alisema, "Hapa tunatengeneza wanaume."
Nikamshukuru. Alinipunguzia kazi.

Kabare, simu ilipokewa na mpishi.
"Sista yuko shambani, mimi ni Nsimire wa jikoni."
Nikauliza lilelile.
Akanyamaza. Nikasikia mwiko ukigonga sufuria.
Kisha, polepole, kama anayeonja chumvi:
"Saa nane ya usiku huwa naamka kuchochea maharagwe.
Napita na tochi. Wapo wanne, watano, nawagusa bega,
tunatoka nje, kila mtu na mti wake.
Asubuhi hakuna anayejua kitu.
Mama, wako nimwamshe pia?"

Sikujibu vizuri. Nilisema maharagwe tutaleta.

Bagalwa akauliza, "Na Kiingereza?"
Nikasema kitamngoja, hakiozi.
Alinitazama kitambo.
Akaichukua karatasi ya Idjwi, akaikunja mara nyingi,
akaisukuma chini ya mguu mfupi wa meza.
Hadi leo sijui kama anajua.
Meza, kwa vyovyote, ilitulia.

Jumapili nilifungua begi la mtoto niongeze sweta,
maana baridi ya Kabare haina huruma.
Chini kabisa, chini ya redio mbovu na bisibisi,
nikakuta nailoni, ile tuliyokuwa tunafunikia mahindi.
Ameikata kwa mkasi, upana wa godoro,
ameikunja pembe juu ya pembe,
kwa unadhifu ambao sikumfundisha.

Nikairudisha. Sweta juu yake.
Zipu ilikwama pale pale inapokwama siku zote,
nami nikaiacha hapo hapo alipoiacha yeye.