Sisi Ngapi?

Stika ya ubavuni inasema mia na ishirini na tano,
nyuma ya tarakimu umechorwa moto mwekundu.
Muuzaji wa Sinaw, Alhamisi, baina ya mbuzi na matandiko,
alisema mia na kumi, wallahi, haijamaliza msimu.
Riali sabini na tano. Nikamshusha hadi sitini na mbili.
Mazuna, miaka minane, alikwisha kuikalia,
keshaipa na jina: Panzi.

Ikafika Ibra juu ya pikapu ya shemeji.
Ikawaka mara moja, mbele ya majirani,
ikakohoa, ikazima,
kama mgeni aliyepiga hodi kisha akaghairi.

Jumamosi nikaenda Sanaiya.
"Pistoni imechoka," akasema Shajahan, kalamu sikioni,
halafu, kwa Kiarabu chake cha Chittagong: "Kam sisi?"
Nikacheka peke yangu.
Nyumbani kwetu sisi ni watu.
Nikamjibu kama stika ilivyonifundisha.
Pistoni, ringi, gasketi: riali tisa na baisa mia tano.

Nikafungua silinda uani. Pistoni mpya ikagoma,
si kwa mafuta, si kwa bismillahi,
mguu wa mtu mzima kwenye kiatu cha mtoto.

Na mimi ni mtu wa maabara!
Kutwa nasoma lebo za chupa za damu
na siziamini mpaka nipime.

Basi nikalala chini, tochi mdomoni,
mswaki mkuukuu na petroli mkononi.
Chini ya tumbo la injini, upande wa kushoto,
mchanga na mafuta vimegandamana kama haluwa.
Sugua. Futa. Sugua.
Moja. Nne. Saba. Kisha herufi tatu.
Mazuna anaandika nyuma ya daftari la hesabu.
Moja, silinda moja.
Arobaini na saba, upana wa tundu kwa milimita;
kalipa ikaafiki.
Mwendo wa pistoni, arobaini na moja nukta nne.
Nusu ya upana zidisha kwa yenyewe,
zidisha kwa pai, zidisha kwa mwendo,
gawa kwa elfu, na ulimi nje pembeni ya mdomo.

"Sabini na mbili kasoro."
"Umehakikisha?"
"Shangazi. Kwa hiyo sisi sabini na mbili tu?"
"Sisi sabini na mbili."

Akanyamaza, akakwaruza tairi kwa kucha.

Hospitali wananiita Zinjibari.
Bibi yangu alizaliwa Tabora;
Unguja aliiona siku tatu, akisubiri meli.
Sijamlaumu mtu. Nani atalala chini na tochi?

Pistoni ya zamani haikuwa na kosa.
Mwenyewe wa kwanza naye aliiamini stika,
akamfunga Panzi kabureta la mashine kubwa.
Plagi nyeusi, imelowa. Alikuwa anazama kwa petroli.
Shajahan akafukua kopo la biskuti,
akatoa kabureta dogo, jeti imeziba;
nikaizibua kwa uzi mmoja wa waya wa umeme.
Gasketi ya sabini, baisa mia sita.
Skrubu ya hewa: kaza mpaka mwisho, rudi mzunguko na nusu.
Na ile ya kuzuia mbio nikaikaza zaidi,
sikumwambia.

Akawaka. Akaendelea kuwaka.
Kamba ya kuzimia kwenye kifundo, kofia kichwani,
Mazuna akazunguka wadi kavu mara nne
na vumbi lake mwenyewe likimfuata.
Mtoto wa jirani akakimbia naye sambamba:
"Kam sisi? Kam sisi?"
Akanitazama mimi.
Akaitazama stika.
"Mia na ishirini na tano!" akapiga kelele, akapita.

Mimi nikajifuta grisi, sikusema neno.
Ile pistoni ya bure iko dirishani jikoni,
nimeipindua, naweka kalamu.