Kata

Walipokata, Mnazi Mmoja, Mfunguo Sita,
nilirudi Wete na upande mmoja mwepesi,
kanga inanitelezea kushoto.

Shumbana wa dada yangu ananitumia sauti kwenye simu.
Yuko mbali, amevaa koti jeupe, anaunga vitu visivyoonekana.
"Mama mdogo, ni kama shanga," anasema,
"tisa, au kumi, kila mmoja na rangi yake.
Uzi ukiuacha na ncha mbili, mwili unazila zote.
Una vimeng'enya, kama mchwa,
huanzia nchani.
Basi tunafunga, ncha kwa ncha. Inakuwa duara."

Nikacheka peke yangu uwani.
Mwanangu, hiyo si kata?
Kanga kuukuu unaisokota, unaikutanisha,
unaitia utosini, ndoo inakaa.
Kata. Neno lile lile la kisu.

Ile dawa ya dripu haikuwa na adabu.
Iliingia kila nyumba bila hodi:
nywele, kucha, ulimi,
hata karafuu nikiitafuna, chuma.
Ilimpiga mwizi
na mtaa mzima ukavimba.

"Hii inabisha mlango mmoja," anasema Shumbana.
"Seli mbovu zina vitasa vyao nje, vingi kuliko seli nzima.
Duara halilegei, limeshika umbo lake,
linaingia kitasani na mzigo wake mgongoni."
Nikasema, kata na ndoo ya sumu.
"Hasa, Mama mdogo. Hasa."

Itafika lini?

Kimya. Nasikia mashine inavuma nyuma yake.
"Bado. Iko kwa panya."

Kumbe panya wa huko wana bahati.
Wa hapa Wete tunawatilia sumu bila duara.

Jana kaja Mboja wa Kojani, miaka thelathini na mbili,
chini ya buibui ana kitu kama kungu,
miezi mitatu anakificha hata kwa mumewe.
Sikumwambia habari za duara. Duara bado.
Nilimwambia: meli ya kesho, nakwenda nawe,
nauli tutaiona mbele.

Akaniangalia kifuani, kushoto.
"Na hapo umeweka nini?"
Kata, nikasema.
Akashtuka, akajishika.
Nikaitoa ndani ya sidiria, ingali na joto langu,
nikamtilia kiganjani.
Akaizungusha, akaizungusha,
anatafuta ilipoanzia.