Kichwa Chini

Bomba lilibaki pale hospitali ya misheni,
inchi sita, la kijivu, urefu wa mtu wa kawaida.
Mkandarasi akasema: lichukue, fundi, ukafugie nyuki.
Sikufuga nyuki.
Kioo nilikisugua miezi kumi na moja, uani, Ipogolo,
kwa unga wa msasa na maji, juu ya pipa,
nikilizunguka pipa kama mwanga aliyekosea saa,
mke wangu akiwatuliza majirani:
mwacheni, angalau hanywi.

Ijumaa ya Novemba, saa kumi na moja alfajiri,
nikalifunga kwa mpira ubavuni mwa pikipiki.
Lilinitangulia kwa futi moja,
likameza upepo, likatoa sauti nzito
Tanangozi nzima, Ifunda nzima.

Mafinga, kwenye harufu ya mbao mbichi,
afande akanyoosha mkono.
"Mzinga huo?"
Darubini, afande.
"Ya kuwindia nini?"
Nikakosa jibu. Nikafunua mfuniko wa ndoo,
nikaielekeza nguzo ya umeme, mbali, penye misindano.
Akainama. Yakapita malori matatu bado ameinama.
"Kunguru," akasema. "Amening'inia kama popo."
Ndivyo inavyoona, nikamwambia.
Akanirudishia leseni bila kuisoma.

Nyololo, rasharasha. Makambako, upepo ule wao.
Nilikula ugali na maharage nimesimama,
mkono mmoja juu ya bomba.
Asafiriye peke yake huzungumza na mzigo wake:
nililieleza habari za ada, za goti langu,
kisha, baada ya Halali, nikaliambia ukweli,
kwamba barabara siiogopi, nawaogopa watu.
Nitasema mimi nani? Fundi bomba.
Wenzangu huenda wana vyeti.

Chimala jua lilikuwa limezama.
Mama mmoja, taa ya njano, mahindi juu ya makaa.
Sina chenji, akasema, utalipa ukirudi.
Unafuata nyota? Huko juu hakuna mbingu,
kuna blanketi.

Kisha kona. Hamsini na saba, wanasema wenyeji;
mimi ya ishirini ilinipotea.
Gia ya kwanza. Ya kwanza. Ya kwanza.
Koti la pili. Soksi mikononi.

Matamba nilitarajia umati.
Walikuwa watano, na mmoja amelala.
Mwalimu Tweve na darubini ya dukani,
Lutengano, fundi simu wa Uyole,
Tusekile wa Tukuyu na chupa mbili za chai,
hana chombo: "Mimi natumia macho, yalikuja bure."
Vyeti hakuna aliyeuliza.
Waliuliza kioo. Ulikisugua kwa nini? Ulikipima vipi?
Tweve akapitisha kiganja juu ya bomba
kama apapasaye shingo ya ndama.

Saa mbili, wingu. Saa tatu, wingu.
"Kilimia kipo," akasema Tusekile, "nyuma ya hilo,
kama deni."
Chai ikaisha.
Ndipo Lutengano akaishusha darubini yangu, taratibu,
ikapita usawa wa macho, ikaangalia bondeni,
ambako chini ya wingu hewa ilikuwa safi.

Chimala yote, miguu juu.
Taa za kituo cha mafuta zikining'inia kama matunda,
lori likitambaa darini,
na pembeni, peke yake, nukta ya njano,
na kitu kikienda na kurudi mbele yake:
nadhani kiganja, kikipepea makaa.
Tulipokezana hadi usiku wa manane,
hata yule aliyelala akaamka,
watu wazima sita tukigombea zamu.

Jumapili nilishuka.
Taa ilikuwa imezimwa, mama yupo. Nikalipa hindi.
"Uliziona?"
Nikamwambia: nilikuona wewe.
Ulikuwa unachoma mahindi darini.
Akanitazama
jinsi Ipogolo wanavyonitazama,
akachagua hindi lingine, lililoiva zaidi,
akalifunga kwenye gazeti.