Kokwa Isiyotiwa Chokaa

Usiku ule mvua ilipiga kama iliyotumwa.
Tulikuwa kwenye banda la moshi, tunageuza kungumanga,
maana kungumanga haijui vita:
usipoigeuza inaoza, na ikioza mgongo wako ndio unaolipa.

Alianza mbwa wa mwenye shamba.
Kisha ngome ikapiga mzinga mmoja,
mmoja tu, kama mzee anayekohoa usingizini.
Halafu kimya.
Ndani ya kimya hicho, makasia.

Hawakuwa wengi. Mashua nyingine zilipotelea kwenye mawimbi,
upande wa mlima wa moto.
Waliofika walikuwa wamelowa hadi kwenye baruti,
wamebeba ngazi.
Ngazi!
Miaka yote tunauogopa ukuta ule,
kumbe dawa yake ni kitu cha kuchumia matunda.
Nayo ilikuwa fupi. Wakapandiana mabegani.

Kulipokucha, bendera ilikuwa nyingine.
Bwana van Teylen alitoka na shati la kulalia,
akamkabidhi funguo za ghala kijana mwenye koti jekundu.
Wakainamiana kwa adabu
kama majirani waliomaliza ugomvi wa mpaka
kwenye shamba la mtu wa tatu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone,
nilijisemea, nikajicheka.
Mwenyeji gani? Wenyeji wa Neira walimalizwa
kabla babu yake van Teylen hajavaa suruali.
Sisi wengine tulishushwa hapa kwa kamba.
Mimi ni Wa Sambe, wa Butuni.
Daftarini naitwa Septemba, mwezi niliouzwa.

Walipima kungumanga kwanza.
Walipima basibasi.
Saa ya chakula ikapita, ndipo wakatuhesabu sisi.
Karani mpya aliniuliza jina, nikamwambia.
Akalitazama daftari la zamani,
akanakili: Septemba,
kwa mwandiko mzuri kuliko wa kwanza.

Kaka yangu La Kaimu alikutwa na kokwa moja kwenye nywele.
Moja, mbichi, isiyotiwa chokaa,
kokwa inayoweza kuota nchi nyingine.
Walimtundika karibu na gati, siku tatu,
na njiwa, ambao huziiba kila msimu na kuzinyea watakako,
wakapita juu yake wakienda zao.

Basi sikilizeni.
Mwaka wa pili wa makoti mekundu tuliamriwa kung'oa miche.
"Polepole," walituambia, kwa Kimalayu chao cha kuokoteza,
"polepole, msivunje mzizi."
Tukaifunga kwa udongo wake, tukaitandia mikeka isiungue jua.
Nilimwona baharia akiinywesha maji ya kikombe chake.
Vikapu vilijaza sitaha, vikashuka hadi chini,
nami nikahesabu: mia, mia tisa, elfu na…
nikaishiwa na vidole, nikaishiwa na namba.
Pale pale gatini. Mchana.
Hakuna kamba iliyoletwa.

Baadaye kisiwa kilirudishwa kwa karatasi.
Safari hii hapakuhitajika ngazi.
Van Teylen alirudi na funguo zake, amenenepa,
akaanza kulalamika juu ya bei.

Jioni moja nikaokota kokwa mbichi,
nikaisokota ndani ya nywele, hapa, juu ya sikio,
nikapita langoni polepole.
Mlinzi alikuwa anamenya ndizi.
Nikarudi, nikapita tena.
Hakuna aliyenipekua.